Macho ya buibui wa Arabuko-Sokoke

Picha zangu za kwanza za wadudu nilizifuta zote, moja baada ya nyingine, ndani ya matatu nikirudi Malindi kutoka Gede. Zote zilikuwa ukungu mtupu.

Lenzi maalumu ya vitu vidogo sikuimudu. Nilikuwa na lenzi kuukuu ya milimita 50, nikaigeuza nyuma mbele na kuifunga kwenye kamera kwa pete ya chuma. Ukifanya hivyo, buibui wa milimita 8 anachukua karibu milimita 8 hizohizo ndani ya kamera, yaani anatokea mkubwa kwelikweli pichani. Ila hakuna cha kuzungusha ili kulenga. Unasogea wewe mwenyewe mbele na nyuma, na sehemu inayotoka kali haizidi milimita moja hivi. Pumzi tu inatosha kukuharibia. Nikaona dawa ya kuongeza sehemu kali ni kuziba tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikipanda, tundu linapungua). Picha nzima ikapoteza ukali. Nikarudi f/11, nikatulia hapo.

Mwanga nao ulinitesa. Chini ya miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna giza hata saa nne asubuhi, na flashi ikipiga moja kwa moja, mgongo wa mdudu unang'aa kama sufuria. Nilikata kidumu cheupe cha maziwa, nikakivisha flashi kwa utepe wa gundi. Kilionekana kituko, lakini kazi kiliifanya. Wageni waliokuja kutafuta bundi mdogo wa Sokoke walinipita nimepiga magoti kwenye majani makavu. Mmoja aliniuliza kama nimeangusha funguo.

Siku ya pili nilipiga magoti chini ya kichaka cha majimoto, wale chungu wanaounganisha majani kwa uzi wa mabuu wao. Sitaeleza zaidi. Mzee aliyekuwa akinitembeza alicheka mpaka akashika mti.

"Mwanangu," akasema, "ukikaa, angalia juu kwanza, ndipo uangalie chini."

Kilichonifungua macho ni mkono wa kushoto. Nilikuwa nikishika kamera kwa mikono miwili huku jani likipepea. Sasa nashika kijiti chenye jani hilo kwa vidole vya kushoto, naegemeza lenzi juu ya mkono huohuo. Jani likitikisika, na mimi natikisika nalo, na buibui habanduki mahali pake machoni pangu.

Nilimpata yule anayeruka, asiyetega utando. Huyo humkimbizi, ukitulia anageuka mwenyewe kukutazama, kwa sababu ana macho manane na mawili ya mbele ni makubwa kama taa za lori. Alisogea hadi karibu na kioo cha lenzi, labda aliona sura yake humo. Nilipiga picha 60 hivi. Mbili macho yalitoka kali, hata vinyweleo vya kuyazunguka. Miguu ya nyuma ilibaki ukungu.

Nikamwonyesha mzee kwenye kioo cha kamera. Akakikaribia, akarudi nyuma, akakikaribia tena.

"Huyu si yule wa ukutani kwangu?"

"Ndugu yake, mzee."

"Na mimi kila siku nampiga na ufagio."