Siku Moja Maishani Mwangu: Kutembeza Wageni Wanaotafuta Majini na Mizuka Mombasa

Saa 11 alfajiri nafungua jedwali la maji kabla sijabandika chai. Leo ni bamvua, siku za maji makubwa: bahari itakupwa saa 4 asubuhi na kujaa saa 10 jioni. Mimi ni mwongoza watalii, na Oktoba hii karibu kila anayenipigia simu ana swali moja: wapi penye majini na mizuka?

Huko Ulaya watokako, majani yanapukutika na usiku unarefuka, na tarehe 31, usiku wa Halloween, watoto huvaa vinyago. Hamu hiyo ya mizuka husafiri nao. Huku ni vuli, na vuli ya pwani ni mvua: upepo wa kusi umelegea, wa matlai unanyemelea, mibuyu iliyokuwa uchi inachipua. Mkobani natia tochi tatu, betri za akiba, dawa ya mbu, na leso nne za kuwasitiri wageni waliokuja mabega wazi. Maji ni lita moja na nusu kwa kila mtu. Mahamri kwa mbaazi, kisha hotelini kuwachukua: wageni wanane, gari moja.

Saa 2 lango la Fort Jesus linafunguliwa. Tiketi hulipiwa kwa njia ya mtandao, kwa hiyo nimezilipia tangu jana. Anayekuja na noti mkononi hupoteza nusu saa.

Ndani ya ngome naanza na mwaka 1593, Wareno walipoianza kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Halafu nawaketisha kivulini niwaeleze kuzingirwa. Waomani waliizingira Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu baadaye. Ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili, na kwa muda ulinzi ulishikwa na Bwana Daudi wa Faza. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Mwishoni walibaki watu wachache wasiofika ishirini, na siku chache baada ya ngome kuanguka, merikebu za msaada zikatokea, zikaona bendera nyingine juu ya ukuta, zikaondoka zao. Hapo hunyamaza kidogo. Mtu akiisikia habari hii vizuri, hahitaji kuongezewa mzuka.

Ila leo yupo bwana mmoja ambaye haimtoshi. Amekuja na kinasa sauti na kamera, na kila chumba anauliza, "Hapa ameonekana nani?" Namwonyesha vyumba vya enzi ya gereza, kwa maana Waingereza waliifanya ngome hii jela kuanzia 1895 hadi 1958. Anataka jina la mfungwa anayelia usiku. Sina, na sitamtungia.

Picha yake ya kwanza ina wingu jeupe katikati. Anashangilia. Namwomba kamera, napitisha kidole kwenye kioo chake: umande. Imetoka kwenye gari lenye ubaridi wa mashine ikaingia kwenye joto la Mombasa, kioo kikapata ukungu. Dawa yake ni kuiacha ndani ya mfuko wake dakika kumi na tano kabla ya kuitoa. Picha ya pili ina viduara vinavyoelea. Hilo ni vumbi la chokaa: taa ya kamera ipo karibu mno na lenzi, inamulika kila chembe iliyo mbele yake. Zima taa, viduara havipo. Na ule mvumo uliomo kwenye njia ya matao inayoshuka baharini ni upepo: unaingia kwa mdomo wa chini, unabanwa, unatoa sauti. Nawasimamisha mdomoni wausikie kwenye mashavu yao.

Saa 5 tunapita Mji wa Kale, saa 6 tunakula, saa 8 kasorobo tupo Mbaraki.

Mnara wa Mbaraki ni wa mawe ya matumbawe, ulijengwa karibu na msikiti wa kale. Watu huja kuomba hapa mpaka leo, na huacha ubani na chupa za marashi. Sheria zangu ni tatu na huzisema garini: usiguse kilichoachwa, usipige picha mtu anayeomba, ongea kwa sauti ndogo. Geuka kidogo tu, bwana yule ameshaokota chupa ya marashi, ndogo kama kidole gumba, bado ina maji robo, anaitia mfukoni iwe kumbukumbu ya safari.

Mzee mmoja aliyeketi kando akaniambia polepole, "Mwanangu, mwambie airudishe alipoitoa."

"Sawa, mzee wangu. Tuwie radhi."

Kumweleza kulichukua karibu nusu saa. Alisema ni taka. Alisema atalipa. Nikamwuliza, kanisani kwao mshumaa uliowashwa na mama kwa ajili ya mtoto mgonjwa, mgeni anaweza kuuzima akaondoka nao? Akaitoa. Lakini aliitupa tu chini, ikabidi niiokote mwenyewe na kuisimamisha upande uleule, kizibo juu. Mzee alinitazama mpaka nikamaliza, akaitika kwa kichwa. Jambo hili ndilo linalonichosha kuliko jua: mgeni kuja kutafuta roho za watu na kutowaona watu wenyewe.

Na nusu saa hiyo ndiyo iliyotuponza. Ukitaka kufika Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale huko Mtwapa, kwa utulivu, vuka daraja la Nyali kabla ya saa 8 na nusu. Sisi tumevuka saa 9 na robo. Kilomita kama kumi na tano tu, lakini njia ya Mtwapa imejaa malori, matatu zinatanua kwenye vumbi, tuktuk zinajipenyeza, jua linapiga upande mmoja wa gari. Dereva anazima mashine ya ubaridi ili injini isichemke. Nagawa maji yaliyobaki. Mama mmoja anasinzia, bwana wetu anauliza kama tunaweza kwenda Gede badala yake, kwa kuwa amesoma kuwa mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu yale mwaka 1948, alihisi kitu kikimtazama kutoka nyuma ya kuta. Ni kweli alihisi hivyo. Ila Gede ni zaidi ya kilomita mia moja kutoka Mombasa, ni safari ya siku nzima.

Tunafika zimebaki dakika arobaini lango lifungwe. Mlinzi ananionea huruma.

Mji huu ulikaliwa karne ya 14, ukahamwa karne iliyofuata. Nawapitisha moja kwa moja hadi msikiti wa ufukweni, kisha kwenye kaburi lenye maandishi ya Kiarabu. Nawasomea: kila nafsi itaonja mauti. Bwana yule amezima kinasa sauti. Anaomba nirudie, narudia.

Giza likianza kushuka, maua ya mbuyu yanafunguka: meupe, yananing'inia kichwa chini, yana harufu nzito kama kitu kilichochacha. Popo wanaanza kuyapitia. Hufunguka usiku mmoja tu, kesho yake hunyauka na kugeuka rangi ya udongo. Ndipo mtu aelewe kwa nini mababu hawakulala chini ya mti huu.

Kurudi sikutazama saa tena. Hoteli waliyofikia ni ya zamani, dari zake za boriti za mikoko, na wageni wanasema hugongwa ukutani na mtoto hulia bustanini. Nawaambia: boriti hupanuka mchana na kujikaza usiku, hulia kama kidole kinachovunjwa. Kule kugonga ukutani ni hewa ndani ya mabomba pampu inapopandisha maji kwenye tangi la darini. Askari anathibitisha, pampu huwashwa saa 5 usiku.

Na mtoto? Tukakaa kimya chini ya mwembe. Kilio kikaja, kirefu, cha kukata moyo. Nikamulika juu: macho mawili mekundu, mkia mrefu. Komba, mnyama mdogo wa usiku. Bwana yule akacheka kwa mara ya kwanza siku nzima, akaniomba tochi ammulike tena, nami nikamzuia: mwanga mwingi humwumiza macho.

Nyumbani natia betri kwenye chaji na kufungua jedwali. Kesho bahari itajaa baadaye kidogo kuliko leo. Daraja la Nyali, kabla ya saa 8.