Jinsi nilivyopata kukubaliwa masahihisho madogo katika mwongozo wa programu

Nimeambiwa mara nyingi, tena na watu walionitangulia katika mambo ya kompyuta, kwamba kusahihisha maneno katika miongozo ya programu ni kazi ya wale wasioweza kuandika msimbo. Kauli hiyo inanikera. Hapa Lamu ninafundisha vijana kuunda tovuti kwa lugha ya Python, katika chumba kidogo upande wa Langoni, na nimeona sentensi moja iliyokaa vibaya ikimkatisha tamaa mwanafunzi ambaye msimbo wenyewe haukumshinda. Mwongozo tunaoutumia ni wa mradi wa programu huria, umeandikwa kwa Kiingereza, na mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho. Leo masahihisho yangu kadhaa yamo ndani yake na ninajivunia kila moja, hata lile la koma.

Sahihisho ninaloliona kuwa na thamani kuliko yote ni la sentensi mbili. Mwongozo ulimtaka mwanafunzi aandike amri ya kuwasha seva ya majaribio, yaani programu inayomwonyesha tovuti yake kwenye kompyuta yake mwenyewe, kisha afungue kivinjari kwenye anwani 127.0.0.1:8000. Haukusema kwamba baada ya amri hiyo terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hubaki imeshikwa na seva, wala kwamba seva huishi kwa muda ule tu ambao dirisha hilo liko wazi. Kila kundi jipya la wanafunzi lilikwama papo hapo. Wangeandika amri, wangengoja ile alama ya kuandikia irudi, wangeona hairudi, na mmoja wao angeniita: «Mwalimu, imeganda.» Wengine hawakuita, walifunga dirisha kimya kimya wakidhani wameharibu kitu, wakaenda kwenye kivinjari na kukuta ujumbe kwamba ukurasa haupatikani. Waandishi wa mwongozo hawakuwa wazembe. Mtu aliyewasha seva ya namna hiyo kwa miaka mingi haoni tena kwamba kuna jambo la kueleza, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba wanaofaa zaidi kusahihisha miongozo ya wanaoanza ni walioanza juzi, pamoja na wanaokaa nao. Nilipendekeza iongezwe kwamba dirisha liachwe wazi, amri nyingine ziandikwe katika dirisha la pili, na seva izimwe kwa vitufe vya Ctrl na C.

Kuipata nafasi ya kupendekeza jambo hilo dogo kulinichukua muda, na sehemu kubwa ya muda huo iliyeyuka kwa sababu ya ushauri mbaya.

Rafiki mmoja wa Mombasa, anayefanya kazi ya programu kwa mshahara, aliniambia nianze kwa kunakili hazina nzima ya mradi, yaani mkusanyo wa faili zake zote, kwenye kompyuta yangu, pamoja na historia yote ya mabadiliko. Kwake, mwenye intaneti ya waya ofisini, huo ni ushauri wa kawaida. Kwangu, ninayetumia bando la simu, ulikuwa mzigo. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ambayo ndiyo hufanya unakili huo, haina desturi ya kuendelea pale ilipokatikia: mtandao ukidondoka katikati ya unakili, kilichokwisha kushuka hutupwa na kazi huanza upya. Nilikesha nikitazama asilimia zikipanda, mtandao ukayumba, nikarudi mwanzo, na bando la shilingi mia kadhaa likateketea bila faili hata moja kubaki mkononi. Nilipoanza kusoma maelezo ya Git yenyewe, badala ya kusikiliza watu, nikakuta kwamba amri ya `git clone --depth 1` huleta hali ya mwisho tu ya mradi bila historia yake. Unakili uliokuwa ukinishinda ulikamilika kabla kahawa haijapoa. Baadaye nikagundua kwamba kwa neno moja au mawili hata huo hauhitajiki. Kwenye GitHub, tovuti ambako hazina ya mradi huo imewekwa, kuna alama ya kalamu juu ya kila faili. Ukiibonyeza, tovuti yenyewe inakutengenezea nakala ya mradi kwa jina lako, unasahihisha ndani ya kivinjari, na unatuma ombi la mabadiliko, yaani pendekezo ambalo wasimamizi wa mradi hulikubali au kulikataa, hata kwa simu. Yeyote anayelipia intaneti kwa megabaiti aanzie hapo.

Ushauri wake wa pili ulikuwa mbaya zaidi, nami nataka kuueleza kwa kirefu kwa sababu bado unatolewa. «Ndugu yangu,» aliniambia, «usiwatumie kitone kimoja kimoja, watakudharau. Kusanya yote, watume mara moja, waone kazi.» Akanipa na mipangilio ya kihariri chake cha maandishi, akisema husafisha faili kivyake. Basi nikapitia mwongozo mzima, nikakusanya makosa ya herufi, alama za uandishi, jina la kitufe lililokwisha kubadilika katika toleo jipya, na zile sentensi zangu mbili za seva, nikayafunga yote katika ombi moja. Jibu lilipokuja nililisoma zaidi ya mara moja. Msimamizi alikuwa mpole, lakini alionyesha kwamba ombi lililodai kurekebisha maneno lilikuwa limegusa mamia ya mistari, na kwamba katika ukurasa mmoja mistari iliyopaswa kukaa kila mmoja peke yake sasa ilikuwa imeungana kuwa aya moja.

Chanzo kilikuwa ile mipangilio ya kusafisha. Kihariri kilifuta nafasi tupu zote mwishoni mwa mistari, na katika Markdown, mtindo wa kupanga maandishi kwa alama nyepesi, ambao mwongozo ule umeandikwa kwao, nafasi mbili mwishoni mwa mstari si uchafu: ndiyo alama ya kukata mstari. Anayetazama faili haoni kitu, ila ukurasa uliochapishwa huvurugika. Zaidi ya hapo, wasimamizi wawili walikuwa na maoni tofauti kuhusu koma fulani, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa katika ombi moja, sentensi za seva, ambazo hakuna aliyezipinga, zilikaa zikisubiri mjadala wa koma umalizike. Haukumalizika. Niliufunga mwenyewe.

Wasimamizi wana sababu ya kuyatazama masahihisho madogo kwa jicho kali. Mwezi Oktoba 2020, shindano la kila mwaka liitwalo Hacktoberfest, ambalo liliahidi fulana kwa atakayetuma maombi manne ya mabadiliko, lilizifurikisha hazina za miradi huria kwa marekebisho yasiyo na maana: mtu anaongeza neno la sifa katika ukurasa wa utangulizi, basi, anadai fulana yake. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba waandaaji walibadili kanuni mwezi huohuo, yakawa yanahesabiwa maombi ya miradi iliyokubali kushiriki tu. Anayetuma sahihisho la neno moja leo lazima aonyeshe kwa nini neno hilo lina uzito, tena aonyeshe mapema, katika mistari ya kwanza ya maelezo yake.

Nilipoanza upya nilituma sentensi mbili za seva peke yake. Katika maelezo sikuandika kwamba nimeboresha lugha. Niliandika kile ambacho mwanafunzi hukiona kwenye kioo, anachokifanya baada ya kukiona, na toleo la programu nililolijaribia. Kabla ya kutuma nilitumia amri ambayo sasa siachani nayo, `git diff --word-diff`. Kwa kawaida Git huonyesha mstari mzima wa zamani na mstari mzima mpya, na macho yanapaswa kutafuta tofauti yenyewe. Kwa njia hii huonyesha neno lililotoka na neno lililoingia, basi. Ikiwa ninaona kitu chochote nisichokikusudia, situmi. Kwa sababu hiyohiyo siipangi upya aya baada ya kubadili neno, hata kama mstari mmoja utabaki mfupi na mwingine mrefu, kwa kuwa kuipanga upya humfanya msomaji aamini kwamba aya yote imeandikwa upya. Ombi lilikubaliwa bila swali hata moja. Yaliyofuata niliyatuma hivyohivyo, sahihisho moja kwa ombi moja, na rafiki yangu wa Mombasa bado anasema napoteza muda.

Si kila kinachoonekana kosa ni kosa. Mwanafunzi wangu mmoja mwenye jicho zuri alinionyesha neno «Referer» katika sehemu inayohusu vichwa vya maombi ya HTTP, yaani taarifa fupi zinazotangulia kila ombi la kivinjari kwa seva, akitaka kuongeza r iliyopungua. Kwa tahajia ya Kiingereza alikuwa sahihi kabisa, lakini jina hilo liliingia likiwa na upungufu huo katika maelezo rasmi ya HTTP/1.0, yaani hati iitwayo RFC 1945 ya mwaka 1996, na programu za dunia nzima zinalitafuta kwa tahajia hiyohiyo. Ukilinyoosha, mfano wa msimbo hauleti tena kinachotarajiwa. Tahadhari hiyo inahusu pia maandishi yanayoonyeshwa kama matokeo ya amri. Yakiwa na kosa, kosa limo ndani ya programu yenyewe na linasahihishwa kule. Ukilirekebisha kwenye mwongozo pekee, mwanafunzi ataona kitu kimoja kwenye ukurasa na kingine kwenye terminali yake, na atajilaumu yeye.

Kabla ya kugusa kitu, tafuta pia kanuni za uandishi za mradi unaousahihisha, kwa maana miradi mikubwa huwa nazo. Mradi wa Django, programu huria ya kuundia tovuti kwa Python, kwa mfano, umeandika wazi kwamba waandishi wake waepuke maneno kama «simply» na «just», yanayoifanya kazi ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Nilipoisoma kanuni hiyo nilifurahi mno. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba jambo ni jepesi, naye limemshinda, hujiona mjinga, na nimewaona wakiona haya kuuliza. Mradi wenye mwongozo tunaoutumia haukuwa na kanuni ya namna hiyo, lakini nilipopendekeza neno kama hilo liondolewe katika hatua ya kuandaa mazingira ya Python, nikautaja mfano wa Django, liliondolewa.

Jambo la mwisho ambalo hakuna aliyeniambia linahusu matoleo. Sahihisho likikubaliwa huingia kwanza katika mwongozo wa toleo linaloendelea kutengenezwa, ilhali wanafunzi husoma mwongozo wa toleo thabiti, na hao hawaoni tofauti yoyote. Wiki kadhaa baada ya sentensi zangu kukubaliwa, kundi jipya lilikwama palepale kwenye seva. Nilichunguza nikakuta ukurasa wao ni wa toleo la nyuma. Nikawaandikia wasimamizi nikiomba badiliko lipelekwe na huko, jambo ambalo miradi mingi hulifanya kwa marekebisho ya maelezo yasiyogusa msimbo, nao wakalipeleka upesi. Sasa mara tu ombi linapokubaliwa huwa ninauliza hapohapo kama litafika kwenye toleo wanalosoma wanafunzi, na katika ubao wa darasa nimeandika namba ya toleo tunalolifuata, ili kila anayepata kosa la maneno alinukuu pamoja na namba hiyo.