Ukiazima terminali, irudishe ilivyokuwa

Programu ya mauzo ninayoitunza kwenye duka la vipuri la mjomba wangu hapa Mwanza haina picha wala vitufe vya kubofya. Inakaa ndani ya terminali ya Linux, yaani skrini ya maandishi matupu, nimeiandika kwa Python, na dada wa kaunta anaiendesha bila kugusa kipanya. M ni mauzo, S ni stoo, mishale ni ya kupanda na kushuka kwenye orodha. Akibonyeza herufi, kitu kinatokea papo hapo. Hakuna kubonyeza Enter, na wateja wakiwa wamejaa mbele ya kaunta hilo si jambo dogo.

Kwa kawaida programu haioni herufi hata moja mpaka Enter ibonyezwe. Mfumo endeshi ndio unaozishikilia. Ndio unaozionyesha kwenye skrini, ndio unaofuta ukibonyeza Backspace, na ndio unaogeuza Ctrl-C kuwa ishara ya kusimamisha programu. Ukitaka herufi zikufikie mojamoja, inabidi uuombe mfumo uziachie. Kwenye Python unasoma mipangilio iliyopo kwa termios.tcgetattr, unaihifadhi, halafu unaita tty.setcbreak.

Mafunzo mengi humkimbiza mtu kwenye tty.setraw. Mimi siishauri kwa kazi ya namna hii. setraw inazima hata Ctrl-C, na inazima pia marekebisho ya maandishi yanayotoka: kila mstari mpya unashuka chini bila kurudi kushoto, orodha ya bei inateremka skrini nzima kama ngazi. setcbreak inakupa herufi mojamoja na kuacha hayo mengine yakifanya kazi.

Kisha kuna mishale. Mshale wa juu hauji kama herufi moja, unakuja kama baiti tatu: 27, 91, 65. Baiti 27 ni ileile ya kitufe cha Esc, kwa hiyo ukiipata peke yake hujui kama mtu amebonyeza Esc au mshale ndio unaanza kuingia. Dawa ni kusubiri kidogo. Kwenye mipangilio ileile ya terminali, ukiweka VMIN (idadi ya chini ya baiti za kusubiri) kuwa 0 na VTIME (muda wa kusubiri, kwa sehemu za kumi za sekunde) kuwa 1, usomaji unangoja hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisipofuata kitu, hiyo ni Esc. Lugha hii ya baiti ni ya zamani. VT100, mashine ya terminali ya kampuni ya DEC iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na safu 80 na mistari 24, ilikuwa tayari inaizungumza, na madirisha ya terminali tunayofungua leo bado yanaielewa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Kabla yangu duka lilikuwa na programu ya fundi mwingine. Ikipata hitilafu ilikuwa inajifia tu na kuacha kila kitu vurugu. Dada wa kaunta alikuwa ananipigia: “Kaka, naandika lakini sioni ninachoandika, mashine imekufa?” Mashine ilikuwa nzima. Programu ilikuwa imezima uonyeshaji wa herufi na kuondoka bila kuuwasha.

Mabadiliko unayofanya yanakaa sehemu mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Uonyeshaji wa herufi na kusubiri Enter vinatunzwa na mfumo endeshi. Kishale kilichofichwa (ile alama inayoonyesha utaandika wapi, si vitufe vya mishale), rangi, na ile skrini ya pili inayofunika kazi ya awali vinatunzwa na dirisha la terminali lenyewe. Ndiyo maana amri ya stty sane, inayorekebisha upande wa mfumo endeshi tu, inarudisha herufi lakini kishale kinabaki kimepotea. Amri ya reset inashughulikia pande zote mbili, na unaweza kuiandika hata kama huoni unachoandika. Lakini kwa nini mtu wa kaunta alazimike kujua hayo?

Kwangu yote yamo kwenye finally moja, sehemu ya Python inayotekelezwa hata hitilafu ikitokea: tcsetattr kurudisha ile mipangilio niliyohifadhi, kisha alama tatu ninazoliandikia dirisha (ESC ni ile baiti 27): ESC[?25h kurudisha kishale, ESC[0m kuondoa rangi, ESC[?1049l kutoka skrini ya pili. Nimeongeza pia kishughulikiaji cha SIGTERM, ishara ya kuitaka programu ifunge, kwa sababu bila hicho Python inauawa na ishara hiyo kabla finally haijafikiwa. Na kabla ya kutuma rangi yoyote nauliza isatty(), inayosema kama maandishi yanakwenda kwenye terminali, kwa sababu mjomba huhifadhi ripoti ya jioni kwenye faili, na faili lililojaa alama za rangi kama [31m halisomeki.

Kuipima natumia moduli ya pty. Inatengeneza terminali ya bandia, programu inaamini inazungumza na mtu. Jaribio langu linatuma M, linachokoza hitilafu katikati ya mauzo, halafu linalinganisha tcgetattr ya kabla na ya baada na kutafuta zile alama tatu kwenye maandishi yaliyotoka. Moja ikikosekana, toleo jipya haliendi dukani.