Keki ya Aprili iliyokatwa mwezi Juni

Binti yangu wa kwanza alitimiza miaka 10 tarehe 22 Aprili, na siku hiyo mimi nilikuwa Tanga, nimekaa mkekani uani kwa marehemu baba yangu, nikipokea mikono ya pole. Baba alifariki siku 9 kabla yake. Simu iliniamsha usiku wa manane huko Clarkston, mji mdogo ulio pembeni ya Atlanta katika jimbo la Georgia ambako tunaishi, na nikasafiri peke yangu kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kununua tiketi za watu watano kwa ghafla namna ile. Mazishi hayakunisubiri, nilifika siku ya hitima. Mke wangu alibaki na watoto watatu, na keki aliyokuwa ameshaiagiza akaomba isitengenezwe.

Siku yenyewe nilimpigia binti yangu saa nane mchana ya Tanga, kwao ikiwa saa moja asubuhi, kabla hajatoka kwenda kusubiri basi la shule. Nilimtakia heri, nikamwombea dua, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba, sasa nimeshatimiza kumi, au nisubiri mpaka urudi?" Lile swali lilinishika kooni. Nilimwambia kwamba umri hauahirishwi, ameshatimiza kumi tangu alfajiri ile, na kwamba kinachongoja ni sherehe tu, kwa sababu tuna msiba wa babu yake na hatuwezi kukata keki kabla ya arobaini. Akaniambia, "Sawa, basi niandikieni tarehe." Hakutaka kuambiwa "siku moja" wala "Mungu akipenda baadaye". Alitaka tarehe.

Nimeanza na ombi hilo kwa sababu ndilo lililotuongoza katika yote yaliyofuata. Kwa miaka miwili tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili tuwapeleke watoto Walt Disney World, eneo kubwa la bustani za michezo huko Florida, shule zitakapofungwa. Niliporudi kutoka msibani, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa jepesi mno: safari ipo, imekaribia, basi hiyo hiyo iwe sikukuu yake ya kuzaliwa, tumalize mambo mawili kwa pamoja. Mke wangu alinipinga. "Wenzake nao watakuwa wanafurahi siku zote nne," alisema. "Yake itaonekana wapi?" Alikuwa sahihi kabisa. Mtoto akipelekwa mahali ambapo kila mtoto anacheka na kila mtoto ananunuliwa kitu, sherehe iliyocheleweshwa inaweza kumezwa na safari mpaka mwenyewe asijue ni saa ngapi alisherehekewa. Tukakubaliana kwamba katika zile siku nne, moja itakuwa yake kutoka asubuhi hadi usiku, na itaandikwa kwenye kalenda iliyobandikwa kwenye friji, kwa kalamu nyekundu, na mkono wake mwenyewe.

Alichagua siku ya pili. Ya kwanza tungefika tumechoka, kwani kutoka kwetu mpaka Kissimmee tulikopanga nyumba ni zaidi ya kilomita 700 kwa gari, na ya mwisho akili ingekuwa kwenye mizigo. Ya pili ilikuwa na faida nyingine: mwezi Juni kule Florida mvua ya radi hunyesha karibu kila alasiri, na endapo ingeharibu jambo, zingebaki siku mbili za kulifidia.

Bustani nayo aliichagua mwenyewe. Eneo lile lina bustani nne kubwa, na mimi nilidhani atataka ile ya kasri, Magic Kingdom, ambayo ndiyo ya kwanza kufunguliwa, mwaka 1971. Akaenda maktaba ya shule, akasoma, akarudi ametunisha kifua: Animal Kingdom, ile bustani ya wanyama, ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Tarehe ya kuzaliwa kwake! Hapo hapakuwa na mjadala tena.

Kwenye tiketi lilizuka jambo dogo ambalo ningependa wazazi wenzangu walitafakari. Pale mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa tiketi ya mtoto, na kuanzia miaka 10 hulipiwa ya mtu mzima. Jamaa mmoja aliyekwisha kwenda alinishauri niandike kwamba binti ana miaka 9, kwa kuwa "sherehe yenyewe hamjafanya". Nilikataa. Tofauti ya bei kati ya tiketi hizo mbili si kubwa, lakini hata ingekuwa kubwa, mtoto niliyemwambia kwa simu kutoka msibani kwamba umri hauahirishwi asingenielewa nikimpunguzia mwaka mmoja mlangoni. Nilinunua ya mtu mzima, nikamwonyesha. Aliisoma mara mbili.

Kuhusu keki tulifanya hivi. Mke wangu aliioka nyumbani Clarkston usiku wa kuamkia safari, keki ya iliki na ganda la limau ambayo watoto wanaipenda, bila krimu wala pambo lolote, akaiacha ipoe kabisa, akaifunga kwa karatasi ya plastiki tabaka mbili, ndipo ikaingia kwenye sanduku la barafu juu ya chupa za maji yaliyogandishwa. Krimu aliipigia kule kule Kissimmee, kwa sababu nyumba tuliyopanga ilikuwa na jiko na friji. Kama angeipaka kabla, joto la Juni lingeiyeyusha njiani. Mishumaa kumi na kibiriti tulimkabidhi mwanangu wa miaka 7 avitunze. Nilikuwa na hofu kwamba atamwonea dada yake wivu, lakini aliyekabidhiwa ulinzi wa mishumaa hana nafasi ya kununa. Kila tuliposimama kununua mafuta alikuwa akiihesabu.

Siku yake ilipofika tuliondoka mapema ili tuwe langoni kabla halijafunguliwa. Wafanyakazi wa pale hutoa bure beji za mviringo kwa wanaosherehekea jambo, nao huandika jina la mhusika kwa kalamu ya wino mzito. Nilipomwambia binti yangu twende tukachukue ya kwake, alinivuta mkono. "Si uongo, Baba? Siku yangu imepita." Nilimwambia tuseme ukweli wote, tusikie watakachojibu. Tukamweleza yule mama wa kaunta kwamba alizaliwa Aprili, kwamba babu yake alifariki, na kwamba leo ndiyo tunasherehekea. Aliuliza jina linavyoandikwa, herufi kwa herufi, akaliandika polepole, akaizunguka kaunta na kumbandika beji kifuani mwenyewe. Kuanzia hapo kila mfanyakazi tuliyepishana naye, hata mfagiaji, alimtakia heri kwa jina lake. Mtoto ambaye siku yake ilipita kimya alisalimiwa na watu wasiomjua mpaka akachoka kuitikia.

Sasa niseme juu ya Harambe, kwa maana ndiko shughuli hasa ilikofanyika. Ndani ya bustani ile kuna kijiji kilichojengwa kwa mfano wa mji wa pwani ya Afrika Mashariki, na wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, waliichukua sura ya miji kama Lamu. Jina ni neno letu la harambee, limepungukiwa "e" moja, na binti yangu aliligundua hilo kabla yangu. Nilikwenda nikitarajia mzaha, nikakuta watu walioangalia kwa makini: lipu iliyobanduka na kuonyesha mawe chini yake, mabati yenye kutu, vibao vya maduka vya kuchorwa kwa mkono, duka la vinywaji linaloitwa Tamu Tamu. Watoto wangu wamezaliwa Marekani. Kiswahili kwao ni lugha ya jikoni, ya bibi na ya kugombezwa, na hawajawahi kukiona kimeandikwa kwenye kuta za mji mzima. Walikuwa wakisoma kila kibao kwa sauti.

Kwanza tulipanda lori la wazi la Kilimanjaro Safaris, kwa sababu asubuhi wanyama huwa bado wachangamfu, na mchezo huo hauna sharti la kimo, hata mdogo wetu wa miaka 2 alipanda. Twiga alisimama karibu mno na barabara. Kisha saa nne asubuhi, ambayo Tanga ni saa kumi na moja jioni, tulitafuta ukuta wenye kivuli, nikampigia mama yangu simu ya video.

Mama bado alikuwa eda. Alikuwa amekaa ukumbini kwake na nguo zake nyeupe, na wiki zile alikuwa akizungumza kidogo sana. Watoto walimwamkia, akaitikia, kisha akasogeza uso kwenye simu. "Hapo ni wapi? Mbona kama Pangani?" Yeye ni mzaliwa wa Pangani. Nilimzungushia simu aone kuta, na nikamweleza kwamba njia ya miguu inayokwenda kwa masokwe, hatua chache kutoka tuliposimama, iliitwa kwa jina la Pangani hadi mwaka 2016 walipoibadilisha. Alisikitika kwa dhati. "Wangeliacha," alisema. "Lilikuwa linawadhuru nini?"

Nikatoa mkobani kifurushi ambacho mama alinipa mwezi Aprili, siku niliyokuwa naondoka Tanga, nami nikakificha juu ya kabati kwa karibu miezi miwili. Ilikuwa doti ya kanga, nyekundu na nyeusi, bado ina ule ugumu wa kanga mpya na harufu ya kabati la mama. Mama aliinunua kabla ya msiba, kwa ajili ya tarehe 22. "Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, maana ndivyo anavyomwita tangu akiwa mchanga, "haya jifunge nikuone." Binti yangu aliifunga ikaporomoka. Bibi yake akamwelekeza kutoka ng'ambo ya bahari: ipitishe nyuma, ncha hii ivute kulia, kunja, chomeka kwa ndani, usiogope kuibana. Mara ya tatu ikashika. Akasimama mbele ya ukuta ule wa Harambe, kanga kiunoni na beji kifuani, na mama yangu akacheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu Baba alipofariki. Kisha akamsomea dua ndefu, sisi sote tumekinga mikono, na watu wakapita pembeni yetu kimya.

Baada ya hapo mengine yalikwenda haraka. Tuliutazama ule mti mkubwa wa kutengenezwa, wenye urefu wa mita 44 na michongo ya wanyama zaidi ya 300, na mwanangu akataka kuwahesabu wote. Chakula cha mchana tulikuwa tumekibeba, kwa kuwa wanaruhusu kuingia na chakula chako mradi huna vyombo vya glasi, nasi kwa ajili ya halali na kwa ajili ya bajeti tulipendelea hivyo. Kwenye mtumbwi wa mpira wa Kali River Rapids tulitumia utaratibu wao wa wazazi kupokezana: mimi nilipanda na wakubwa wawili, mama yao akabaki na mdogo, kisha naye akapanda bila kuanza foleni upya. Kwetu mwenye siku yake lazima amwagiwe maji, na pale aliyapata ya kutosha. Wimbi lilimkuta yeye kwanza, likamlowesha toka kichwani, na mdogo wake akapiga kelele, "Tayari, ameshamwagiwa!"

Treni ya kasi ya Expedition Everest, aliyokuwa akiitamani kuliko vyote, hatukuipata. Tulikuwa kwenye foleni alasiri radi ilipoanza, na michezo ya nje husimamishwa radi inapokaribia. Tulijikinga chini ya paa kwa zaidi ya saa moja. Nilimwambia achague mwenyewe, tuendelee kungoja au twende nyumbani, kwa kuwa siku ni yake. Alifikiri kwa muda, akatazama mvua, akasema, "Twende kwenye keki."

Saa moja na nusu usiku tulikuwa tumeizunguka meza kule Kissimmee. Mwanangu alileta mishumaa yake kumi, yote imetimia, akaipanga mwenyewe. Tuliimba kwa Kiswahili, dada yao akapuliza, akakata. Kwetu mwenye sherehe hulisha watu kwa kufuata heshima, na nilitegemea aanze na mimi au mama yake. Kipande cha kwanza alikiweka kwenye sahani ndogo, akakifunika kwa kitambaa cha karatasi na kukisogeza pembeni. "Hiki cha Babu," alisema, kisha akaja kunilisha. Mdogo wetu alijaribu kukinyakua kile cha kwenye sahani, kaka yake akamzuia.

Kilikaa mezani mpaka asubuhi. Tulipokuwa tunajiandaa kutoka, nilimwuliza binti yangu kifanyiwe nini, naye akaniambia kwamba nikile mimi, kwa sababu mimi ndiye mtoto wa Babu. Nilikila nimesimama jikoni, na chai.