Ramani Haina Masika

Jioni hii nimemaliza kuandika maoni yangu ya kitaalamu kuhusu kambi mpya ya wageni inayopendekezwa upande wa mashariki wa hifadhi, na kabla ya kuyatuma nimeona niandike hapa yale ambayo taarifa ya ofisi haina nafasi nayo. Kurasa ni nyingi, lakini ombi lililomo ni moja: uamuzi usitolewe mpaka eneo hilo lichunguzwe wakati wa mvua.

Watu wakisikia habari za ujenzi ndani ya hifadhi ya taifa hukumbuka mambo mazito, kama ile barabara ya lami iliyokusudiwa kupita kaskazini mwa Serengeti, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa hukumu dhidi yake Juni 2014. Mshauri wa ikolojia hukutana na mambo ya namna hiyo kwa nadra sana. Mezani kwangu hufika choo cha wageni, kisima kirefu, shimo la kuchimba moramu, taa za langoni, nyumba za askari. Kila ombi likitazamwa peke yake huonekana halina neno, na baada ya miaka ya kuyasoma nimeamini kwamba haya madogo ndiyo yanayoumiza zaidi, kwa kuwa hayafiki mahakamani wala hayana anayeyafuatilia.

Eneo la kambi tulilitembelea mwezi Septemba, mimi, mhandisi, msanifu wa majengo na askari wa uhifadhi aliyekuwa akituongoza. Ni uwanda tambarare, karibu na barabara iliyopo, wenye kutazamana na vilima. "Dada, hapa hakuna hata mti mmoja wa kukata," mhandisi aliniambia, na alisema kweli. Chini ya miguu yetu ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, umekauka na kupasuka nyufa ambazo ningeweza kupenyeza mkono hadi kwenye kiwiko. Askari yule, mtu mzima asiye na maneno mengi, alingoja wengine watangulie kwenye gari ndipo akaniambia, "Mtaalamu, rudi hapa masika uone."

Kauli hiyo iliniingia kwa sababu miaka kadhaa iliyopita niliisikia nyingine inayofanana nayo, nikaipuuza. Nilikuwa mgeni katika kazi hii, ratiba ilikuwa imebana, nami nikaidhinisha eneo la kituo cha askari baada ya kulitembelea mara moja tu, wakati wa kiangazi. Mvua ziliponyesha, udongo ule ule mweusi ulivimba, maji yakatuama pale tulipochora mashimo ya maji taka, na tuta la barabara ya kuingilia likageuka bwawa upande mmoja huku upande wa pili ukibaki mkavu. Vidimbwi vya chini ya tuta havikujaa tena. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa taarifa yangu ilikuwa imefuata kila kipengele cha mwongozo. Lakini mimi najua nilichokisaini, na kila ninapopita barabara ile huangalia upande uliokauka.

Vidimbwi vya msimu ni mfano mzuri wa jinsi macho yanavyoweza kumdanganya hata aliyesomea jambo hili. Katika baadhi ya vidimbwi vya Afrika Mashariki huishi samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, ambao maisha yao yote hukamilika ndani ya msimu wa maji. Hutaga mayai ndani ya tope, kidimbwi kikikauka samaki wote hufa, na mayai hubaki ardhini kwa miezi, yakingoja mvua inayofuata. Mtu anayesimama hapo Septemba akaandika "hakuna viumbe vya majini" hajasema uongo kwa alichokiona, ila huenda amesimama juu ya kizazi kizima cha samaki. Vyura nao wamo humo humo, wamejifukia. Sijui bado kama uwanda wa kambi una samaki hao, na hiyo ndiyo sababu ninaomba muda.

Kuna ngazi tunayotakiwa kuifuata katika ushauri wetu: kwanza kuepuka madhara, kisha kuyapunguza, kisha kurejesha kilichoharibika, na kufidia kuwe mwisho kabisa. Katika vikao vingi mazungumzo huanzia chini ya ngazi hiyo. Safari hii mwekezaji ameahidi kwa moyo mwema kupanda mamia ya miti kuzunguka kambi, nami imenibidi nieleze kwamba miti katika mbuga ya nyasi si fidia. Ni badiliko la pili juu ya lile la kwanza, na udongo na miche inayoletwa kutoka nje inaweza kuja na mbegu za gugu karoti, ambalo likishaota halitoki kwa urahisi.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi, hata hivyo, ni kisima. Mpango wa kambi unajumuisha birika la maji mbele ya baraza ili wageni waone wanyama wakinywa, na ni vigumu kumshawishi mtu kwamba kumpa mnyama maji wakati wa ukame kunaweza kuwa kosa. Niliwasimulia habari za Kruger, Afrika Kusini, ambako kwa miongo mingi visima vilichimbwa na mabwawa kujengwa kwa nia hiyo hiyo njema. Kaskazini mwa hifadhi ile, maji ya kudumu yaliwavuta pundamilia kwenye maeneo ambayo zamani hawakukaa, nyasi ndefu zikaliwa zikawa fupi, simba wakafuata windo lao, na korongo, swala ambao ni wachache na huhitaji nyasi ndefu za kufichia ndama wao, wakapungua kutoka takriban 450 mwaka 1986 hadi takriban 45 mwaka 1993. Ukame nao ulichangia. Katika miaka ya 1990 wasimamizi wakaanza kuvifunga visima vingi. Nilipomaliza, chumba kilikuwa kimya, kisha msanifu akauliza kama birika linaweza kuondolewa kwenye mchoro bila kubadilisha paa. Linaweza.

Kuhusu mahali penyewe hatujakubaliana. Fedha za mradi zina mwaka wake, zabuni ina tarehe yake, na masika nayo haitangulizwi na barua ya mtu yeyote. Ninaelewa shinikizo walilo nalo wenzangu, na sipendi kuwa mtu wa kusema "subirini" kila mara. Nimependekeza eneo la pili juu ya mwinuko wenye changarawe, lenye mandhari hafifu kidogo, endapo kamati itaona haiwezi kungoja.

Jana nilimfuata askari yule kituoni kwake nikamwomba anichoree maji yanakopita. Alichukua karatasi, akachora vilima, akachora uwanda, kisha akavuta mistari mitatu ya kalamu ya wino iliyokutana pale hasa tulipopiga vigingi vya jiko na mapokezi. Akaandika miezi pembeni. Nimemwomba ruhusa nikauweka mchoro huo uwe kiambatisho cha kwanza, mbele ya picha ya setilaiti, chenye jina lake na miaka aliyohudumu katika kanda ile.