RAM umeweka GB 8, kompyuta inasoma 3.2: pa kuanzia kabla hujanunua nyingine

Kwa tulio Kigoma, kununua RAM (memori ya kompyuta) isiyofaa kunauma zaidi. Vipuri vingi vinaagizwa Dar es Salaam, vinakuja kwa basi au kwa treni, na kukirudisha kipuri ni nauli nyingine na siku nyingine za kungoja. Kwa hiyo kompyuta ikionyesha memori pungufu, kwanza tafuta jibu la swali moja: asiyeiona RAM ni nani, mashine au Windows?

Jibu liko kwenye BIOS, programu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inayoamka kabla ya Windows. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyezabonyeza F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell na Acer, Delete kwa desktopu nyingi za kuunga. Tafuta mstari wa memori. BIOS ikionyesha GB 8 kamili, RAM haina kosa na sloti haina kosa. Tatizo ni Windows au mipangilio. BIOS ikionyesha GB 4, usihangaike na Windows hata kidogo. Chukua bisibisi.

Tuanze na upande wa Windows. Kama unaona 7.88 badala ya 8, huo si ugonjwa, mashine imejitengea kidogo kwa kazi zake. Lakini ukiona 3.2 au 3.5, fungua Properties ya kompyuta usome System type. Ikiwa imeandikwa 32-bit, umeshapata jibu. Mfumo wa biti 32 una anwani 4,294,967,296, kila anwani ni baiti moja, jumla GB 4 basi. Na anwani hizo RAM haipewi zote: kadi ya picha, kadi ya mtandao na BIOS yenyewe nazo zinachukua zao kule juu. Ndiyo maana hata ukichomeka GB 16, Windows ya biti 32 itabaki pale pale.

Kesi hii ni ya kawaida sana kwenye desktopu za mtumba zinazotumika stationery, kwa sababu Windows 7 ya biti 32 inazunguka kwenye flashi ileile miaka nenda rudi. Dawa ni kuweka ya biti 64, na haipandishwi juu ya ile ya zamani, inabidi usafishe diski uanze upya. Nakili mafaili yote kwanza. Halafu hakikisha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya biti 64 ya printa na skana yako ipo, maana draiva ya biti 32 haitafanya kazi. Prosesa yenyewe, kama ni ya Intel, haina shida kuanzia Core 2 Duo na kuendelea.

Toleo nalo lina mipaka: Windows 7 Home Basic ya biti 64 inaishia GB 8, Home Premium GB 16.

Ikiwa ni biti 64 na bado memori inapungua, fungua Task Manager, Performance, Memory, uangalie Hardware reserved. Laptopu ya AMD yenye GB 8 inayoonyesha 5.9 kwa kawaida imeikatia picha GB 2. BIOS nyingine zinakuruhusu kupunguza kiasi hicho, mara nyingi kwa jina la UMA Frame Buffer Size. Pia andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafuta cha Start, ingia Boot, Advanced options, uondoe tiki kwenye Maximum memory. Watu huiweka wakidhani inaongeza kasi. Kwenye desktopu za zamani, washa Memory Remap (inayoipa RAM anwani za juu ya GB 4) ndani ya BIOS.

Sasa upande wa mashine, ambako pesa nyingi hupotelea. Mazabodi ina kikomo chake. Kinategemea chipseti, yaani chipu kuu za mazabodi. Chipseti ya Intel 945 inaishia GB 4, na hata kwa biti 64 utapata kama 3.2 tu. G31 inaishia GB 4, G41 GB 8, H61 GB 16. Lakini kutimiza kiasi hakutoshi, lazima RAM iwe ya aina ambayo mazabodi inaielewa. Soma lebo: 4GB 2Rx8 PC3-10600S. PC3 ni DDR3 (kizazi cha tatu cha RAM za DDR), S ya mwisho ni ya laptopu, U ni ya desktopu. 2Rx8 maana yake chipu 16, nane kila upande. Ile ya 1Rx8 ya GB 4 ina chipu 8 zenye ujazo mara mbili kila moja, na G41 pamoja na Core i za kizazi cha kwanza mara nyingi huisoma nusu, au haziwaki kabisa. Kwa mashine hizo agiza yenye chipu 16.

Laptopu za Core i kizazi cha nne zinataka PC3L, ya volti 1.35, ukiweka PC3 ya volti 1.5 inaweza isionekane. Na zile RAM za bei rahisi za desktopu zilizoandikwa kuwa ni za AMD tu, ziamini maandishi yake. Kwenye mazabodi ya Intel hazitakubali. Unapoagiza, mtumie muuzaji picha ya lebo ya RAM ya zamani na jina la modeli ya mazabodi, usimwambie tu "nataka DDR3 ya nne".

Kama aina ni sahihi, shuku uchafu. Vumbi jekundu la kiangazi huku Mwanga na Ujiji linaingia kila mahali, na masika unyevu unaligandisha. Chomoa waya wa umeme, toa betri kama ni laptopu, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, gusa chuma cha kasha. Toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio mweupe, pangusa kwa kitambaa chenye isopropili, acha ikauke. Sloti ipulizwe kwa blowa au isuguliwe kwa brashi laini kavu. Usiipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Rudisha RAM mpaka vibanio vijifunge vyenyewe.

Halafu jaribu RAM moja moja kwenye sloti moja moja, ukiandika matokeo. RAM inayokataa kila sloti imekufa. Sloti inayokataa kila RAM ina tatizo lake, na zikikataa sloti zote za chaneli moja (njia moja ya RAM kwenda kwa prosesa), chunguza prosesa: kwenye Core i kidhibiti cha memori kimo ndani yake, hivyo pini moja iliyopinda kwenye soketi (kikalio cha prosesa) inatosha kuua nusu ya RAM. Wakati mwingine ni skrubu za feni zilizokazwa upande mmoja kuliko mwingine. Zilegeze zote, uzikaze kidogo kidogo kwa kukingamisha, kisha washa usome BIOS tena. Ikibaki vilevile, toa prosesa, uziangalie pini kwa tochi ukiinamisha mwanga ubavuni. Iliyopinda itang'aa tofauti na wenzake, na inyooshwe kwa ncha ya sindano na mtu mwenye mkono mtulivu.