Watani wa :wq

Leo nimetoka ofisini nikiwa bado nacheka, na nimefika nyumbani nikaona nisilale kabla sijaandika hii kitu juu imenikaa kichwani toka mchana.

Kuna kijana amekuja kwetu kwa atachimenti. Mtulivu, ana adabu zake, kila mtu anamwita mkubwa. Leo akaambiwa aingie kwa seva fulani abadilishe laini moja tu kwa faili ya setingi, na humo ndani hakuna ile VS Code yake aliyoizoea, ni Vim peke yake, edita ya maandishi isiyo na menyu wala madirisha, kila kitu ni vitufe. Tukakaa kidogo, tukaanza kusikia kibodi inapigwa kwa nguvu, halafu kimya, halafu sauti ya chini: "Mkubwa, hii kitu mtu hutokaje?"

Aki ofisi nzima ilipasuka. Mmoja akamwambia ang'oe waya wa stima. Mwingine akasema yeye aliifungua akiwa kampasi na hadi leo hajatoka, ndiyo maana bado yuko hapa na sisi. Mwingine akaleta ule wa zamani, ati ukitaka paswadi isiyoweza kubahatishwa na mtu yeyote, mkalishe mgeni mbele ya Vim umwambie atoke, halafu nakili chenye ameandika. Kijana naye akacheka, tena kicheko cha kweli, na hapo ndipo nilifurahi kabisa.

Mimi huu utani naupenda na nitautetea mahali popote. Sisi watu wa Kiswahili tunajua mtani ni nani. Mtani si adui na si mpita njia, ni mtu ambaye amepewa ruhusa ya kukucheka usoni kwa sababu pia ana wajibu kwako. Kule Tanzania mtani wako ndiye anakuja hata msibani akatania mpaka wafiwa wanatabasamu, na ndiye huyo huyo anashika kazi za mazishi. Kucheka bila kushika kazi si utani, ni dharau tu. Kwa hiyo kwangu mimi sheria ya vichekesho vya Vim ni moja, ukishamaliza kucheka vuta kiti ukae na huyo mtu.

Na Mzee wetu wa seva alivuta kiti. "Kijana wangu, kwanza toa mikono yote kwa kibodi. Sasa niambie umebonyeza nini na nini."

Hiyo stori ya alichobonyeza ndiyo tamu, juu kila kitufe alichogusa kina historia yake. Alikosea herufi moja, akabonyeza Ctrl na Z ili arudishe nyuma venye tumezoea kila mahali. Kwa terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri, Ctrl na Z hairudishi kitu, inailaza programu nyuma ya pazia, kwa hiyo Vim ikapotea machoni na yeye akadhani ametoka. Akafungua ile faili mara ya pili, akapokelewa na E325, lile tangazo refu linalojaza skrini kukuambia kuna faili ya akiba imepatikana na huenda mtu mwingine anaihariri hii faili sasa hivi. Mtu mwingine mwenyewe ni yeye! Akapita hapo akiwa na wasiwasi, akaandika laini yake, halafu akahifadhi kwa Ctrl na S. Skrini ikaganda. Hapo ndipo alianza kupiga kibodi.

Sasa Ctrl na S kwa terminali ni amri ya zamani sana, ya kuambia upande wa pili usimame kwanza usitume herufi, na Ctrl na Q ni ya kuuambia uendelee. Ilikuwa na maana enzi za mashine ambazo zilikuwa zinazidiwa na kasi ya maandishi yanayoingia, na mpaka leo iko hai kwa laptopu ya kijana wa mwaka wa tatu hapa Nairobi ambaye hajawahi kuona mashine kama hiyo hata kwa picha. Mzee akabonyeza Ctrl na Q na vurugu lote alilopiga kijana likajitokeza kwa mpigo. Esc, koloni, q, alama ya mshangao, Enter, yaani toka bila kuhifadhi. Akatoka. Halafu fg, amri ya kuamsha kilicholazwa, ile Vim ya kwanza ikaamka kutoka usingizini, ikafungwa nayo. Kijana alikuwa ameshika kichwa.

Watu wanaona hizi amri zimetungwa na mtu wa kutesa wenzake, na mimi kila nikipata nafasi nawaonyesha picha ya ADM-3A. Nimemwonyesha hata kijana tukila. Hiyo ilikuwa terminali ya zamani, mashine nzima ya skrini na kibodi, ya kampuni ya Lear Siegler ya miaka ya 1970, na ndiyo Bill Joy alikuwa anatumia alipoandika vi, edita ambayo Vim imeirithi, akiwa mwanafunzi Berkeley mwaka wa 1976. Angalia kibodi yake vizuri. Haina vitufe vya mishale pembeni, mishale imechorwa juu ya H, J, K na L, kushoto, chini, juu, kulia. Ndiyo hiyo hiyo hjkl ya kusogea kwa Vim tunayochekwa nayo. Esc nayo iko pale ambapo leo kuna Tab, kwa hiyo kidole kidogo kinaifikia bila kuhama, si kama sasa venye mtu anasafiri hadi pembe ya juu kila dakika. Na kuna kitufe cha Home ambacho kimechorwa pia ile alama ya wimbi (~), na ndiyo maana hadi leo kwa Linux wimbi ni folda yako ya nyumbani. Kijana akazoom hiyo picha mpaka chakula kikapoa.

Halafu fikiria kasi. Bill Joy alikuwa anafanyia kazi nyumbani kwa modemu ya baudi 300, ambayo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya herufi 80 kwa mistari 24 ni herufi 1,920, kwa hiyo kuichora yote upya ni zaidi ya dakika nzima umekaa unangoja. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuundia menyu na madirisha. Atakupa dd ufute mstari, yy unakili, p ubandike, u urudishe nyuma, na asikupotezee hata herufi moja ya laini ya simu. Na hii si historia ya makumbusho, Mzee huwa anaenda ushago mwisho wa mwezi na akipigiwa simu seva imelala anaunganisha simu yake na laptopu, mtandao unakuja ukienda, na bado anafanya kazi yake anamaliza. Wenye edita za madirisha mazuri hapo wanabaki wanaangalia kiduara kinazunguka.

Lakini kwangu utamu wa Vim hauko kwa hjkl, na nadhani tunawakosea wageni tunapoanzia hapo. Uko kwa kuunganisha. Sema umeandika Niarobi badala ya Nairobi katikati ya sentensi na mshale umesimama mahali popote ndani ya hilo neno, hata kwa herufi ya mwisho. Unaandika ciw. Hiyo c ni badilisha, iw ni neno zima ulilosimama juu yake, neno linapotea na uko tayari kuandika upya. Ukijua hivyo, ci na mabano inabadilisha kila kitu kilicho ndani ya mabano, di na alama ya nukuu inafuta kilicho ndani ya nukuu, dap inaondoa aya yote. Hujakariri amri nne, umejifunza vipande vichache na unavipanga mwenyewe. Nilipomwonyesha ile ya mabano akasema "ngoja, rudia," na nikarudia kwa furaha yote juu mimi pia mtu alinirudilia.

Utani ungekuwa nusu kama tungekuwa watu wa Vim peke yetu. Tuko na dada yetu wa upande wa data, yeye ni wa edita nyingine, Emacs, kwa roho yake yote, na ndiye mtani wetu rasmi. Emacs nayo ilizaliwa 1976, MIT, mikononi mwa Richard Stallman na wenzake, kwa hiyo hawa ni watani wa rika moja. Sisi tunamwambia jina la edita yake ni kifupi cha Escape, Meta, Alt, Control, Shift, na kwamba atahitaji kidole cha sita. Yeye anasema Vim ina modi mbili tu, moja ya kulia bip na nyingine ya kuharibu kila kitu. Sisi tunamwambia Emacs ni nyumba nzuri sana, imekosa tu edita. Yeye anafungua M-x doctor, ambayo kweli iko ndani, daktari wa akili wa kuzungumza naye kwa maandishi, anatuambia tukae kwenye foleni.

Na leo alitumaliza. Mzee alikuwa kwa terminali, akabonyeza Ctrl na A kurudi mwanzo wa amri, Ctrl na E kwenda mwisho, Ctrl na R kutafuta amri ya jana. Dada akasimama nyuma yake akasema kwa sauti ofisi yote isikie: "Mzee, hivyo vyote ni vitufe vya Emacs. Kila siku mnakula kwangu na mnanisengenya." Ni ukweli mtupu, bash, ile programu inayopokea amri zako kwa terminali, huja na vitufe vya Emacs tangu mwanzo, na watu wengi wa Vim hatuvibadilishi. Mzee alicheka hadi akavua miwani.

Kuna kitu kingine kilitokea ambacho nataka nikihifadhi hapa. Kijana alipofungua Vim bila faili, akaona ule ukurasa wa mwanzo, na pale katikati kuna mstari wa kuomba usaidie watoto maskini wa Uganda, uandike :help iccf. Akauliza kama seva imeingiliwa na matapeli. Hatukucheka. Nilimwambia akae nimweleze.

Vim iliandikwa na Bram Moolenaar, Mholanzi, na ilitoka mara ya kwanza 1991 kwa kompyuta za Amiga. Mwaka wa 1994 alienda Kibaale, mji mdogo kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, upande wa Rakai, akajitolea mwaka mzima kwenye kazi ya maji na usafi kwa kituo cha watoto. Ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi sana huko. Aliporudi kwao hakuwasahau, alianzisha ICCF Holland ya kuchangisha pesa, na leseni ya Vim ikawa hivyo, tumia bure, nakili utakavyo, na ukiweza wasaidie watoto wa Kibaale. Yaani kila siku, kwa seva duniani kote, mtu anafungua edita na anakutana na jina la jirani yetu hapa. Ningependa kila anayefundishwa kutoka kwa Vim afundishwe na hilo pia, kwa pumzi hiyo hiyo.

Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Na unajua watu walimuaga vipi? Katikati ya rambirambi, watu ambao hawajuani wakawa wanaandika :wq. Hifadhi, kisha toka. Ni kichekesho kile kile cha kushindwa kutoka, sasa kimeletwa kaburini, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu kwa sababu ilikuwa njia yao ya kulia. Mimi niliposoma hizo :wq machozi yalinitoka na nilikuwa natabasamu. Vim 9.1 ilipotoka Januari 2024 ilitolewa kwa heshima yake, na kazi ya kuisimamia sasa inaongozwa na Christian Brabandt pamoja na wenzake wa kujitolea.

Kijana alinyamaza kidogo, akaandika :help uganda, akasoma yote hadi mwisho.

Jioni akapewa faili ya namba za simu za wateja, maelfu, zote zinatakiwa zianze na 254 ndiyo mfumo wa malipo uzikubali, na yeye alikuwa amejiandaa kuzipitia moja moja. Mzee akamwambia aandike :%s/^0/254/ na Enter. Alama ya asilimia ni faili yote, ile kofia ni mwanzo wa mstari, sifuri ya mwanzo inaondoka 254 inakaa, 07 na 01 zote zikashughulikiwa kwa mpigo mmoja na Vim ikaandika chini mistari mingapi imebadilishwa. Kijana hata hakushangilia, aliinama akaanza kukagua, akauliza, "Mkubwa, na hawa walioandika na alama ya jumlisha mbele?" Swali zuri kabisa. Dada wa Emacs akaja na kiti chake, akaanza kueleza venye angefanya yeye, Mzee akakataa, wakabishana, wakaafikiana :%s/^+// itoe hiyo jumlisha. Zikabaki zile zinazoanza na 7 moja kwa moja bila kitu mbele, na hiyo :%s/^7/2547/ kijana aliiandika yeye mwenyewe kabla yeyote hajafungua mdomo. Kesho nimemwahidi makro, ile ya q, ya kurekodi vitufe na kuvirudia.